Nakata na Tovuti Yake: Somo Juu ya Kuvuma na Uvumi

Jina la mtu tunayemzungumzia leo linachekesha kidogo masikioni mwa anayesema Kiswahili. Nakata! Ukilitaja mbele ya kidato cha kwanza, hutakosa mmoja wa kuuliza, "Unakata nini, mwalimu?" Hidetoshi Nakata hakati kitu. Ni Mjapani, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1977 katika mji wa Kofu, mkoa wa Yamanashi, na Nakata ni jina la ukoo wake. Limeingia vizuri vinywani mwetu kwa sababu silabi za Kijapani, kama zetu, aghalabu huishia kwa irabu, tena irabu zao ni tano kama zetu: a, e, i, o, u. Na-ka-ta. Hi-de-to-shi. Lisome jinsi lilivyoandikwa wala hutapotea sana.

Huyu bwana alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya Japani. Aliichezea mara 77, akaifungia mabao 11, akashiriki fainali tatu za Kombe la Dunia: Ufaransa 1998, nyumbani kwao Japani pamoja na Korea Kusini 2002, na Ujerumani 2006. Baada ya hizo za mwisho alitundika njumu akiwa na umri wa miaka 29 tu. Wengi wenu mnaosoma jarida hili hamkuwa mmezaliwa. Lakini fungua simu yoyote leo uandike jina lake, utaona vipande vya video za mabao yake, picha zake za ujanani nywele zikiwa zimetiwa rangi, na vijana wanaobishana juu yake kana kwamba alicheza juzi Jumapili. Wengine hawajamwona akicheza hata mechi moja kamili.

Katika mabishano ya namna hiyo utasikia madai matatu hasa. Kwanza, ati Nakata ndiye Mjapani wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Italia. Pili, ati yeye ndiye aliyeipa Roma ubingwa. Tatu, ati aliacha mpira kwa uchungu baada ya Japani kufungwa na Brazil mabao manne kwa moja. Dai moja kati ya hayo si kweli hata kidogo, moja lina ukweli ndani yake ila limeongezwa chumvi, na moja limekanushwa na mwenyewe kwa maandishi. Shabaha ya makala haya ni kuyapima, na kutazama jinsi mtu anavyoweza kupendwa sana mtandaoni na bado asijulikane vizuri.

Hebu kwanza tutazame lugha, maana hiki ni chama cha lugha wala si cha mpira. Kitenzi vuma kina kazi nyingi. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Mtu naye akisikika pande zote tunasema amevuma. Sasa chukua kitenzi hichohicho, kitie u- mwanzoni na -i mwishoni, utapata uvumi, yaani habari isiyo na mwenyewe. Waona? Sifa ya mtu na porojo juu yake zimetoka katika shina moja. Neno maarufu, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu, lina asili nyingine: maana yake ni mwenye kujulikana. Kuvuma ni jambo la sauti, umaarufu ni jambo la kujua. Kwa hiyo si ajabu mtu akavuma na asijulikane, na huko mtandaoni hilo hutokea kila siku.

Sasa tumfuate mtu wetu.

Nakata alitoka shule ya sekondari ya Nirasaki akajiunga na klabu ya Bellmare Hiratsuka mwaka 1995. Ligi ya kulipwa ya Japani, inayoitwa J.League, ilikuwa changa wakati huo. Ilianza kuchezwa mwaka 1993. Mwaka 1996 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Japani kilichokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Mechi yao ya kwanza ilichezwa Miami, na wapinzani walikuwa Brazil yenye Ronaldo, Rivaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Japani ikashinda 1-0! Wajapani bado huiita mechi hiyo muujiza wa Miami. Hata hivyo hawakufika mbali, kwani Nigeria iliwafunga 2-0 katika kundi hilohilo, na hao Nigeria ndio waliotwaa dhahabu mwisho wa safari.

Mechi iliyomfanya kila nyumba ya Japani ilitaje jina lake ilikuwa ya tarehe 16 Novemba 1997, huko Johor Bahru nchini Malaysia. Japani na Iran zilikuwa zikigombea nafasi ya kwenda Ufaransa. Japani haikuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja. Dakika tisini zikaisha 2-2, na mabao yote mawili ya Japani yalitokana na pasi za Nakata. Siku hizo kulikuwa na sheria ya bao la dhahabu: katika muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ameshinda na mpira unaisha papo hapo. Nakata akapiga shuti, mlinda lango wa Iran akautema mpira, na Masayuki Okano akaumalizia wavuni. Japani 3, Iran 2. Mwaka huo Nakata akachaguliwa mchezaji bora wa Asia, na mwaka uliofuata, 1998, akachaguliwa tena.

Huko Ufaransa Japani ilipoteza mechi zote tatu, lakini klabu ya Perugia ya Italia ilikuwa imeshaona ilichokitaka. Tarehe 13 Septemba 1998 Nakata alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi ya Italia, dhidi ya Juventus waliokuwa mabingwa. Perugia walifungwa 4-3, lakini Mjapani huyo mgeni alifunga mawili. Msimu huo alimaliza na mabao 10 ya ligi, akiwa kiungo, katika ligi ambayo walinzi wake hawakuwa na mzaha.

Hapa ndipo tulijibu dai la kwanza. Je, alikuwa Mjapani wa kwanza Italia? La hasha. Kazuyoshi Miura alichezea Genoa katika msimu wa 1994-95. Na kama twazungumza juu ya Ulaya nzima, Yasuhiko Okudera alikuwa na klabu ya Köln ilipotwaa ligi na kombe la Ujerumani mwaka 1978, Nakata akiwa mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kutembea. Alichokuwa wa kwanza ni kutwaa ubingwa wa ligi ya Italia, na hilo tutalifikia. Kwa nini basi watu humpa Nakata nafasi ya wenzake? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mtandao unakumbuka zaidi vitu vilivyotokea mbele ya macho yake. Okudera alicheza kabla ya intaneti kuingia majumbani. Nakata alicheza wakati intaneti inaingia, na tena hakuingojea imkute.

Jambo hili la tovuti yake ndilo kiini cha somo letu, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Magazeti ya michezo ya Japani ni mengi na yana njaa. Nakata alipoanza kuvuma, waandishi walimfuata uwanjani, hotelini, na kwenye viwanja vya ndege. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijibu kwa ufupi, pengine kwa ukali, na mara nyingine alipita bila kujibu, ameziba masikio kwa vipaza sauti vidogo vya muziki. Kisha mapema mwaka 1998 gazeti moja likachapisha maneno yaliyodaiwa kuwa yake kuhusu wimbo wa taifa, maneno yasiyo ya heshima. Watu wenye siasa kali za utaifa wakamjia juu kwa maandamano na vitisho. Fikiria kijana wa miaka 21, amelala akiwa shujaa wa Johor Bahru na kuamka akiitwa asiyeipenda nchi. Tangu hapo mlango kati yake na magazeti ulifungwa.

Wenzake wengi wangenyamaza tu au wangetafuta mwandishi rafiki. Nakata alifanya jambo ambalo mwaka 1998 halikuwa la kawaida kwa mwanasoka yeyote duniani. Alifungua tovuti yake, nakata.net, akawa anaandika mwenyewe. Mule aliweka barua kwa mashabiki: leo nimefanya mazoezi, mguu unauma, nimekula hiki, nimesoma kitabu kile. Mambo madogo madogo. Lakini yalikuwa yake, kwa maneno yake, na hakuna mhariri aliyeyakatakata. Ikawa waandishi wa magazeti, walewale waliokuwa wakimvizia, sasa wanangoja aandike ili nao wanakili.

Kuna sababu nyingine iliyoifanya tovuti hiyo iwe na nguvu, na hii ni ya kifundi. Nakata alikuwa Italia, mashabiki wake Japani, na kati yao kuna tofauti ya saa nane wakati wa baridi. Mechi ya Jumapili saa tisa alasiri kule Perugia ilikuwa saa tano za usiku Tokyo. Shabiki alitazama mpira hadi usiku wa manane na kesho yake ana kazi au shule. Gazeti la asubuhi lilimpa matokeo, lakini lingempaje moyo wa mchezaji? Mnamo Februari 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode, iliyomwezesha mtu kusoma barua pepe na kurasa za intaneti kwenye simu yake ya mkononi akiwa ndani ya gari moshi. Kwa hiyo Wajapani walizoea kusoma intaneti mkononi miaka mingi kabla ya nchi nyingi za dunia. Mchezaji aliye mbali, mashabiki walio macho usiku, na chombo kilichoingia mfukoni: vitu hivyo vitatu vilikutana wakati mmoja. Ndiyo maana nasema umaarufu wa Nakata mtandaoni haukudondoka kutoka mbinguni.

Wala haukuwa wa maneno matupu. Watalii wa Kijapani walifurika Perugia, mji mdogo wa mlimani, kumtazama akicheza, na fulana zenye jina lake ziliuzwa kama maandazi ya moto asubuhi. Kuna waliosema klabu ilimnunua kwa ajili ya biashara. Labda. Lakini fulana haifungi Juventus mabao mawili.

Sasa tuje kwenye dai la pili, ati ndiye aliyeipa Roma ubingwa.

Mnamo Januari 2000 Roma walimnunua kutoka Perugia. Pale alikuta tatizo lenye jina: Francesco Totti. Totti alicheza nafasi ileile, alizaliwa Roma, alipendwa na Roma, na hakuna kocha mwenye akili timamu ambaye angemweka benchi. Isitoshe, sheria ya Italia iliweka mpaka kwa idadi ya wachezaji wasiotoka katika Jumuiya ya Ulaya. Nakata akakaa benchi sana. Kisha, siku chache tu kabla ya mechi kubwa ya msimu wa 2000-01, mpaka huo ukaondolewa.

Mechi ilikuwa tarehe 6 Mei 2001, Juventus na Roma, mjini Turin. Roma walikuwa wakiongoza ligi na Juventus wakiwafuata kwa karibu. Kabla watu hawajakaa vizuri vitini, Del Piero na Zidane wakawa wamefunga, 2-0. Katika kipindi cha pili kocha Fabio Capello akafanya kitu kilichowashangaza wote: alimtoa Totti akamwingiza Nakata. Dakika ya 79 Nakata akapiga shuti la mbali lililoingia pembeni mwa goli. Mechi ikielekea kwisha akapiga tena, mlinda lango Van der Sar akautema mpira, na Montella akaukwamisha. Mbili kwa mbili.

Kipande cha video cha bao lile ndicho kinachozungushwa zaidi mitandaoni, na si vibaya, ni bao zuri. Lakini sisi tufanye hesabu. Mwisho wa msimu Roma walikuwa na pointi 75, Juventus 73. Sare ya siku ile ilimpa kila mmoja pointi moja. Kama Juventus wangeshinda, wangepata pointi mbili zaidi, na Roma wangepungukiwa na moja. Chukua kalamu: Juventus 75, Roma 74. Mambo mengine yote yakibaki yalivyo, ubingwa ungekwenda Turin. Kwa hiyo anayesema dakika zile thelathini za Nakata zilikuwa na uzito wa ubingwa hasemi uongo.

Lakini kipande hicho hakikuonyeshi Batistuta, aliyefunga mabao 20 ya ligi msimu ule. Hakikuonyeshi Totti mwenyewe, Cafu, wala walinzi. Hakikuonyeshi majuma mengi Nakata aliyokaa amevaa koti la benchi. Kuchangia si kutoa. Tukisema "aliyeipa Roma ubingwa" tumewanyang'anya wengine haki yao, na tumemnyang'anya hata Nakata mwenyewe, kwa sababu sifa yake kubwa katika kisa hiki ni kwamba alingoja kwa miezi bila kununa, na alipoitwa alikuwa tayari.

Baada ya ubingwa huo klabu ya Parma ilimnunua kwa fedha nyingi sana. Hapa mtandao hunyamaza ghafla, na mimi hapa ndipo ninapowaomba mwe macho. Huko Parma alicheza mechi 67 za ligi akafunga mabao 5. Alifunga bao muhimu katika fainali ya Kombe la Italia ya mwaka 2002, mechi ya kwanza dhidi ya Juventus, bao la ugenini lililokuja kuwapa Parma kombe. Lakini kwa jumla mambo hayakuwa kama zamani. Akaazimwa Bologna mwanzoni mwa 2004, akaenda Fiorentina akacheza mechi 20 za ligi bila bao, kisha akaazimwa Bolton ya Uingereza kwa msimu wa 2005-06. Hiyo nayo ni historia yake. Ukijumlisha miaka yote ya Italia utapata mechi 182 za ligi na mabao 24. Ni kazi ya kuheshimika. Si kazi ya malaika.

(Kwa faida ya Wakenya wenzangu: jina la Parma si geni kwetu. McDonald Mariga wetu alijiunga na klabu hiyo mwaka 2007, miaka michache baada ya Nakata kuondoka, na kutoka hapo akaenda Inter Milan Januari 2010. Jaribuni kutafuta video za Mariga akiwa Parma, mlinganishe wingi wake na zile za Nakata, halafu mjiulize kama tofauti hiyo ni ya miguu au ni ya kitu kingine.)

Limebaki dai la tatu, la kuacha mpira.

Tarehe 22 Juni 2006, katika mji wa Dortmund, Brazil iliifunga Japani 4-1 na kuitoa mashindanoni. Filimbi ya mwisho ilipolia, Nakata alikwenda katikati ya uwanja akalala chali. Hakuinuka. Wenzake waliondoka, mashabiki wakaanza kutoka, yeye yuko palepale anatazama juu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima na mpaka leo inazunguka. Mtu akiiona bila maelezo atasema, "Maskini, amevunjika moyo, ndiyo maana akaacha."

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 3 Julai 2006, barua ikatokea katika nakata.net. Hakuita waandishi wa habari. Hakukaa nyuma ya meza yenye maua na vipaza sauti. Aliandika kwamba anaacha mpira wa kulipwa, na kwamba uamuzi huo aliufanya nusu mwaka kabla ya hapo, yaani kabla hata ya kupanda ndege kwenda Ujerumani. Aliikumbuka njia yote tangu alipoanza kuucheza mpira akiwa mtoto wa miaka minane. Kwa hiyo yule mtu aliyelala nyasini Dortmund hakuwa anaamua. Alikuwa anaaga, na katika uwanja mzima ni wachache mno waliojua. Habari hiyo haikuwa ya gazeti lolote kwanza. Ilikuwa yake kwanza.

Tazama tena tarehe hizo. Mtandao wa Twitter ulifunguliwa kwa umma Julai 2006, siku chache baada ya barua ile. Facebook ilifungua milango kwa watu wote Septemba 2006. Mtandao wa video wa YouTube ulikuwa na mwaka mmoja na kitu. Leo mchezaji akitaka kustaafu anaandika mistari mitano, anaweka picha, basi. Tumezoea, hatushangai tena. Nakata alifanya hivyo wakati hakuna aliyemjengea nyumba ya kufanyia. Alijijengea mwenyewe, na kwa miaka minane alikuwa amewazoesha watu kubisha hodi hapo badala ya kwingine.

Na baada ya hapo? Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na wengi walidhani yake itanyamaza. Aliondoka akazunguka dunia kwa miaka kadhaa akitazama watu wanavyoishi. Aliporudi aligundua kwamba akiulizwa ugenini kuhusu Japani hana majibu ya kutosha. Kuanzia 2009 akaanza kuizunguka nchi yake mwenyewe, mikoa yote 47, akikaa na wakulima, wafinyanzi, wafumaji na wapikaji wa sake, ambayo ni pombe ya mchele. Mwaka 2015 alianzisha kampuni ya kuiuza sake hiyo duniani, na tangu 2016 amekuwa akiandaa tamasha lake mjini Tokyo. (Mwalimu wa zamu asinielewe vibaya, nataja biashara, sitangazi kinywaji.) Hakuwa kocha, hakuwa mtangazaji wa kila wiki. Watu humwona mara chache, amevaa nadhifu, kisha anatoweka tena. Nadhani uchache huo nao umemsaidia. Mtu asiyeonekana kila siku hutafutwa.

Kisha kuna sababu isiyomhusu yeye kabisa. Kila Japani inapofanya vizuri, watu hurudi nyuma kutafuta mwanzo wa njia. Mwaka 2022 nchini Qatar, Japani iliifunga Ujerumani 2-1 na Uhispania 2-1 katika kundi moja. Kijana aliyeshangazwa na matokeo hayo aliuliza hawa wametoka wapi, na jibu la haraka lililokuja kwenye simu yake lilikuwa Nakata. Okudera na Miura wangestahili kutajwa kabla yake, lakini wao hawakuacha vipande vingi vya video wala barua.

Neno kipande lenyewe tulitafakari. Kipande ni kitu kilichokatwa. Aliyekata alikuwa na sababu yake: pengine anampenda mchezaji, pengine anatafuta watazamaji, pengine alitaka kumaliza ubishi na jirani yake. Unapoangalia sekunde ishirini za mechi ya dakika tisini, uliza mechi ilikuwa ngapi kwa ngapi, ilikuwa tarehe ngapi, na nini kilitokea kabla na baada. Ukikosa majibu, ulichonacho ni mvumo tu. Na ukimwona mtu amelala katikati ya uwanja, usiharakishe kusema kwa nini amelala; huenda ameandika mwenyewe mahali fulani, na kazi yako ni kwenda kusoma.

Wapo watakaosema, "Basi maneno ya mtu mwenyewe ndiyo ukweli wote." Hapana, si hivyo. Tovuti ya mtu haitamsema vibaya mwenye tovuti. Nakata aliweza kuchagua la kuandika na la kuacha, na hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kumuuliza swali la pili pale kwenye ukurasa wake. Magazeti, pamoja na makosa yao, huuliza swali la pili. Mimi nampa haki Nakata kwa alivyojitetea, lakini singependa kuishi katika nchi ambayo kila mtu mashuhuri anasomwa kwa kalamu yake tu. Jambo hili linafaa kuwekwa mbele ya chama, wajitokeze wa kuunga mkono na wa kupinga.

Kwa mazoezi, kila mwanachama achague mchezaji mmoja aliyestaafu, wa hapa kwetu au wa kwingine, anayevuma kwenye simu za wenzake. Aandike madai matatu anayoyasikia juu yake, kisha atafute tarehe, matokeo na idadi ya mechi, na aeleze kwa Kiswahili sanifu, kwa maneno yasiyozidi 300, lipi limesimama na lipi limeanguka. Atumie maneno vuma, uvumi, sifa na umaarufu, kila moja mara moja, na kila moja kwa maana yake. Kazi zipelekwe kwa mhariri kabla ya kufunga shule.